Nani Alilala Hapa Tarehe 9?

Kwa miezi sita familia yetu ilikuwa na mtu mmoja zaidi kwenye karatasi kuliko ndani ya nyumba. Nalisema mapema, maana wengi wa Lobule mnaosoma hapa mnatujua, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa jirani.

Mtu mwenyewe ni Koko, mama yake mama. Alifariki Novemba 2023, usiku, baada ya wiki mbili za homa na kikohozi. Tulimzika karibu na mwembe, kwenye ardhi ya Mzee aliyetupokea. Watu wa bloki walikuja, wenyeji walikuja, hata ndugu wawili walivuka kutoka Congo na jogoo. Kila mtu alijua Koko amekwenda. Lakini kwenye atesteshoni, ile karatasi ya familia yenye picha zetu, Koko aliendelea kukaa palepale juu kushoto, kitenge kichwani, anamtazama mpiga picha kama mtu anayedaiwa. Idadi ya familia: 7. Koko, Mama, mimi, dada yangu na watoto wake wawili, na mdogo wangu.

Hatukukaa kikao kuamua kudanganya. Wiki ya kwanza ni ya msiba, nani anakumbuka karatasi? Wiki ya tatu nikamwambia Mama, "Inabidi twende tukamtoe Koko." Mama akaendelea kuchambua sombe. Mwaka ule ndio mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulikuwa umegawanywa makundi matatu, kuanzia Julai: kundi la kwanza asilimia 60, la pili asilimia 30, la tatu hakuna kitu. Sisi tulikuwa la pili. Mama aliamini kwamba mzee ndani ya nyumba ndiye aliyetushikilia pale, na kwamba tukimtoa Koko tutaanguka sote. Kambini imani ya namna hiyo inatembea haraka kuliko tangazo lolote. Nami sikusisitiza. Nilikula ile pesa ya Koko kama wengine.

Mpaka hapo nilikuwa nadhani hesabu ya watu ni kazi ya Kampala na ya wazungu wenye kompyuta. Kwenye kitabu cha shule inaelezwa kwa mstari mmoja: chukua watu wa mwanzo, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa, ongeza walioingia, toa waliotoka. Kwisha. Mtu aliyeandika mstari ule hajawahi kusimama soko la Koboko siku ya soko. Kuna mtu ametoka Kaya asubuhi na atarudi jioni. Kuna mama wa Congo amekuja na mafuta ya mawese, atalala kwa shemeji siku tatu. Kuna kijana mwenye karatasi ya Bidibidi anayepanga chumba mjini kwa sababu anaendesha boda. Nani ameingia, nani ametoka? Na aliyekufa, kama sisi, anasubiri mtu wake aamue lini afe kwenye karatasi.

Niwarudishe kidogo nyuma, kwenye ule uhakiki mkubwa wa 2018, kwa sababu Koko alikuwa na kesi yake pale.

Ulianza Machi ukamalizika Oktoba, nchi nzima. Kila mkimbizi alitakiwa aje mwenyewe, na mwili wake: vidole kumi, macho mawili, picha. Ukikosa, jina linalala. Siku ya bloki yetu ilipotangazwa, Koko hakuwepo. Alikuwa ng'ambo, upande wa Aba, anavuna karanga. Kwa watu wa ofisi hilo ni jambo zito, mkimbizi amerudi kule alikokimbia. Kwa Koko lilikuwa shamba la marehemu mume wake, na karanga haziulizi usalama. Alikuwa na masharti yake: anakwenda mchana na wanawake wengine, halali karibu na barabara, akisikia neno lolote baya anaacha jembe anarudi. Mkimbizi wa mwezi mmoja na mkulima wa mwezi unaofuata, ndani ya gauni lilelile.

Nilitumwa na baiskeli. Nikamkuta, nikamweleza. Akasema, "Banataka jicho yangu? Jicho tu?" Nikasema na vidole pia. Akaniambia nipakie gunia moja la karanga kwanza, hatarudi mikono mitupu kwa ajili ya jicho. Tukafika Lobule asubuhi ya pili. Kwenye foleni alikuwa anasinzia kwa kusimama. Mashine ilikubali jicho la kulia mara moja, la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ikahangaika nalo. Yule kijana wa mashine alikuwa na subira, nampa sifa yake. "Koko, fungua zaidi. Koko, tazama taa." Na Koko: "Mwanangu, hilo jicho mimi mwenyewe halinisaidii, litakusaidia wewe?"

Halafu umri. Karatasi ya zamani haikuwa na tarehe. Wakamuuliza alikuwa na umri gani wakati wa Wasimba, yaani 1964. Akajibu alikuwa ameshaolewa, bila mtoto. Wakapiga hesabu, wakaandika tarehe 1 Januari 1945. Angalia karatasi za majirani zako: nusu ya kambi tumezaliwa tarehe 1 Januari, na wazee wetu wote wamezaliwa miaka inayoishia na sifuri au tano. Wataalamu wa idadi ya watu wanaijua tabia hii. Wakichora umri wa watu kwenye grafu, mstari unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na wana njia zao za kuunyoosha. Koko naye alinyooshwa.

Uhakiki ulipoisha, hesabu ikatoka. Uganda ilikuwa inasema ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.4. Waliojitokeza na kuthibitishwa walikuwa karibu milioni 1.1. Kama laki tatu hawakuonekana. Magazeti yakawaita wakimbizi hewa, na redioni kila mtu akawa na la kusema. Wizi ulizungumzwa, na maofisa kadhaa walikuwa wamesimamishwa kazi mwanzoni mwa mwaka huohuo. Sitetei wezi. Lakini nilipokuwa nasikiliza redio niliwaza: kwenye hizo laki tatu kuna Koko wangapi ambao mjukuu wao hakuwa na baiskeli? Wangapi waliandikwa mara mbili kwa sababu walihama kambi kumfuata binti? Wangapi walikufa Jumanne na watu wao wakasema tutatoa taarifa kesho? Niliwaza hivyo mwaka 2018 kwa moyo safi. Sikujua kwamba miaka mitano baadaye nitakuwa mmoja wa hao wa "kesho".

Mzee aliyetupa ardhi hushangaa akisikia tunavyoogopa hesabu. Yeye ni Mkakwa wa hapahapa, na Koko walikuwa wanaitana shemeji kwa mahesabu ya ukoo ambayo siwezi kuyafuata. Jioni moja baada ya msiba alitusimulia hesabu yake.

Januari 1980 Uganda ilihesabu watu wake. Amin alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia, Mzee alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Karani alikuja, akamwandika, akaandika mke, mtoto, akaenda zake. Oktoba mwaka uleule askari wa zamani wa Amin waliingia kutoka ng'ambo wakapiga, na jeshi jipya la serikali likajibu kwa kuwapiga wananchi. Koboko, Arua, Maracha, watu wakamiminika Zaire na Sudan. Mwaka uliofuata, Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa palepale misheni. Waliokuwa wanasitasita wakaacha kusitasita.

"Kwa hiyo," Mzee alisema, "kitabu cha Kampala kilikuwa kinasema mimi niko hapa na familia yangu. Mimi nilikuwa nalala kwa huyu shemeji." Akaonyesha kaburi kwa kidole. Nyumba ya Koko ng'ambo ilikuwa imepokea watu kumi na moja wa Koboko. Hiyo sikuwahi kuisikia. Koko mwenyewe hakuwahi kuitaja.

Hesabu ile ya 1980 ilitoa jumla ya nchi, watu milioni 12.6, lakini karatasi zake nyingi zilipotea katika vurugu zilizofuata. Kwa West Nile labda haikuwa hasara kubwa. Ilikuwa picha ya nyumba iliyopigwa asubuhi, na jioni nyumba ikaungua.

Wauganda wale waliokimbilia upande wa Yei ndio aliokaa nao Barbara Harrell-Bond, yule mama wa Oxford, akaandika kitabu kinachoitwa Imposing Aid mwaka 1986. Mwaka 1992 yeye na wenzake wawili, mmoja wao Mark Leopold ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya West Nile, walitoa makala kuhusu kuhesabu wakimbizi tu. Nyinyi wenye vesti na kadi shingoni, kama hamjaisoma, itafuteni. Wanauliza swali ambalo Koko aliuliza kwenye foleni, kwa Kiingereza kirefu zaidi: anayehesabu anahesabu kwa faida ya nani? Harrell-Bond alifariki Julai 2018, katikati ya uhakiki wetu.

Mzee ana jambo lingine linalomchekesha, mipaka. Alizaliwa wilaya moja, amehamia nyingine bila kuinuka kwenye kiti chake. Koboko ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005. Maracha ikafuata 2006. Mwaka 2019 ikatoka Madi-Okollo, 2020 ikatoka Terego, na mji wa Arua ukawa jiji. Ukisoma kwamba wilaya ya Arua ilikuwa na watu karibu laki nane kwenye sensa ya 2014, halafu ukafungua ya 2024 ukaona Arua imepungua vibaya, usilie, hakuna aliyekimbia. Watu wako walewale, kamba imesogezwa. Rhino Camp, ambayo ripoti za zamani zinaiweka Arua, leo iko Madi-Okollo na Terego. Imvepi iko Terego. Nimewahi kuona mgeni wa shirika na jedwali lake mkononi anauliza kwa nini wakimbizi wote wa Arua wamehama. Tukamwambia ni Arua iliyohama.

Na hiyo si ajabu kwa ardhi hii. Kabla babu wa Mzee hajazeeka, West Nile ilikuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha mwaka 1910 ikawa Sudan, na 1914 ikapewa Uganda. Bendera tatu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha.

Leo nchi hizo tatu bado zinakutana hapa Koboko, na kila moja ina daftari lake. Uganda imehesabu watu 1991, 2002, 2014 na 2024. Sudan Kusini haijafanya sensa tangu ipate uhuru. Ya mwisho ni ile ya 2008, wakati bado ni Sudan moja. Na Congo yetu, jamani, sensa ya mwisho ilikuwa 1984. Mobutu alikuwa na miaka kumi na mitatu mbele yake bado. Mama yangu alihesabiwa na Congo akiwa msichana, mara moja, basi. Mimi nchi yangu haijawahi kunihesabu. Nikisikia kwenye redio "Congo ina watu milioni mia moja na zaidi", najua hayo ni makadirio: watu wa 1984 waliozidishwa mwaka baada ya mwaka. Mtu wa kwanza kuniuliza jina na kuliandika ili nijumlishwe na wengine alikuwa mtu wa kambi.

Siku hizi kuna njia ya kuhesabu bila kumuuliza mtu. Vijana wa humu West Nile, wakimbizi na wenyeji, walitembea na simu makambini wakiweka visima, shule na njia kwenye ramani ya OpenStreetMap. Mwaka 2021 Google nao walitoa ramani ya majengo ya Afrika, kompyuta inatazama picha za satelaiti na kuweka alama kwenye kila paa. Ukijua mapaa, unakadiria watu. Rafiki yangu wa Arua alinionyesha kwenye simu, tukatafuta mpaka tukaona uwanja wetu: bati moja ya jikoni na mapaa mawili ya nyasi. Paa dogo ni la Koko. Bado lipo. Ndani tumeweka muhogo mkavu na mbuzi. Kutoka juu huwezi kujua.

Sasa nifike Mei 2024.

Mwenyekiti wa bloki aliniomba nitembee na karani wa sensa, kwa sababu karani alikuwa dada wa Kilugbara kutoka Arua, Kikakwa chake kilikuwa cha salamu tu, na mama zetu wengi hawana Kiingereza. Kiswahili kikawa daraja. Chake kilikuwa Kiswahili cha Arua, changu cha Congo, tukaelewana kwa kupunguza maneno. Malipo yangu yalikuwa soda na kukaa chini ya mwavuli wake, maana mvua ya mwezi ule ilikuwa haina adabu.

Sensa ya Uganda ina kanuni moja ambayo nilipenda jinsi ilivyo wazi. Haiulizi wewe ni wa wapi, inaanza kwa kuuliza: usiku wa Alhamisi tarehe 9 Mei, kuamkia Ijumaa, nani alilala hapa? Mgeni aliyelala anaandikwa hapa. Mwenye nyumba aliyelala kwingine anaandikwa kule alikolala. Ndiyo maana Ijumaa ile ilifanywa sikukuu. Na wakimbizi tumo, sawa na mtu yeyote aliyelala ndani ya Uganda.

Wazi kwenye karatasi. Kwenye mikeka yetu, hmm.

Mama wa kwanza aliulizwa ana watoto wangapi. Akamtazama dada wa Arua kwa huruma. "Ba tumbo ao ba nyumba?" Wa tumbo walikuwa wanne, mmoja amekufa. Wa nyumba walikuwa tisa, maana kuna wa dada yake na wawili aliowaokota njiani wakati wa kukimbia na hakuna aliyekuja kuwadai. Karani akaniuliza kwa upole, "Hao wawili ni nani kwake?" Kwenye tableti kuna orodha ya uhusiano. Nikamuuliza mama. Akajibu, "Andika ni bangu." Hilo chaguo halimo kwenye orodha. Karani akatafuta lililo karibu.

Mama wa pili, mume wake yuko Durba kwenye dhahabu tangu Krismasi. Tukamweleza kanuni ya usiku wa tarehe 9. Akakataa katakata. Bwana wake ni wa nyumba hii, sahani yake ile pale, koti lake lile pale msumarini. Kumfuta ni kumwombea mabaya. Dada wa Arua akaeleza tena na tena, na mwishowe bwana hakuandikwa. Tulipotoka nikawaza: Uganda haimhesabu kwa sababu alilala Congo, na Congo haijahesabu mtu tangu 1984. Yule bwana, mwenye kilo themanini na sauti ya kuamsha bloki nzima, hayumo popote.

Kwenye nyumba nyingine niliona kinyume chake. Vijana watatu waliolala Koboko mjini wakaandikwa na mama yao kambini, kwa hofu. Namwelewa. Mkimbizi wa huku anaandikishwa kambini, si mjini. Kijana akipanga chumba Koboko, kwenye vitabu vya wakimbizi anabaki Lobule au Bidibidi, lakini maji anakunywa ya Koboko, mtoto wake anakaa dawati la Koboko, malaria yake inatibiwa Koboko. Viongozi wa manispaa wamelalamika miaka mingi kwamba pesa zinazotoka Kampala zinapigwa kwa hesabu ya raia, ilhali mji unalisha na wengine ambao hawamo. Kijana mwenyewe hataki kuonekana mjini, anaogopa kupoteza nafasi yake kambini. Kwa hiyo mji unataka ahesabiwe, yeye anataka asihesabiwe, na mama yake anamlaza kitandani kwa maneno.

Siku ya nne tukafika kwetu.

Nilikuwa nimejua tutafika, na sikuwa nimesema neno kwa yeyote. Mama alitandika mkeka, akaleta karanga. Nani alilala hapa tarehe 9? Mama akajitaja, akanitaja, dada, watoto wawili. Mdogo wangu alilala Koboko, akasema hivyo bila kusitasita. Watu watano. Nikapumua. Koko hakutajwa, na ni kweli hakulala hapa.

Halafu karani akateremsha kidole kwenye tableti na kuuliza, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kunisubiri: "Mama, kuna mtu wa nyumba hii alifariki katika miezi kumi na mbili iliyopita?"

Mama alielewa vizuri sana. Lakini alinigeukia mimi, kana kwamba nitafsiri. Nami nikatafsiri, Kikakwa, polepole, swali ambalo sote watatu tulikuwa tumeshalisikia. Mvua ilikuwa inagonga bati ya jikoni.

"Hiyo mashini," Mama akauliza, "inaongea na ya chakula?"

"Hapana, Mama. Hii ni ya takwimu tu. Sheria inanikataza kumwonyesha mtu mwingine jina lako."

Mama akatazama upande wa mwembe. Nilitaka kusema kitu, na sikujua niseme kama mtoto wake au kama mkalimani.

"Moja," akasema. "Mwanamuke."

"Miaka?"

"Karatasi inasema sabini na nane. Mwenyewe alisema ni zaidi."

Dada wa Arua akaandika. Akasema, "Pole sana, Mama," akaweka tableti chini na kumenya karanga mbili tatu, bila haraka, kama mtu aliyekuja kwenye msiba. Sijui kama walifundishwa hivyo. Nadhani ni wake.

Jumla ilipotangazwa baadaye, Uganda ilikuwa na watu milioni 45.9. Tano kati yao ni sisi, na kwenye safu ya vifo Koko yumo pia, bila jina.

Jioni ile Mama hakula. Akaniita nje. "Sasa serikali moja inajua amekufa, na nyingine inajua anakula."

Nikamwambia hazitakutana, karani ameapa.

"Hazitakutana, ndiyo. Lakini mimi nimesema zote mbili na mdomo mmoja."

Wiki iliyofuata tulikwenda na atesteshoni kwenye dawati la kubadilisha familia. Mama ndiye aliyesema twende. Kabla hatujatoka nilimkuta ameikunjua karatasi kitandani, anaifuta kwa kanga pembe ile ya juu kushoto. Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona aibu kwamba miezi yote ile nilidhani ni pesa tu. Koko hakuwa na picha nyingine. Zilizokuwepo zilibaki Congo tulipokimbia. Uso wake ulikuwa mahali pamoja duniani, kwenye karatasi ambayo kazi yake ni kuonyesha tunastahili mgao wa watu wangapi, na ukimtoa kwenye hesabu karatasi inachukuliwa, inachapwa mpya.

Foleni ilikuwa ya kawaida. Kijana wa dawati akauliza tarehe ya kifo. Mama akaitaja ya kweli, Novemba. Kijana akahesabu miezi kwa vidole, akamtazama, na Mama akamtazama. Hakuuliza zaidi. Akachapa mpya: 6. Mama akaomba abaki na ile ya zamani. Haiwezekani, utaratibu. Akaomba kipande tu, kile cha pembeni. Haiwezekani pia. Nadhani kijana naye hakufurahi, alijifanya anatafuta kalamu.

Mwezi uliofuata pesa ya mtu mmoja haikuja. Kundi tulibaki lilelile la pili.

Kitu ambacho Mama hakujua ni kwamba asubuhi ile, alipokwenda kuoga, niliipiga ile karatasi picha kwa simu ya mdogo wangu. Nilimwonyesha njiani tukirudi. Hakusema asante wala hakulia, aliniuliza tu kama simu ina chaji ya kufika Koboko. Tukapanda boda, watu watatu juu ya moja, mpaka studio ya picha karibu na soko. Kijana wa studio akaikuza kwenye kompyuta, akapitisha kishale juu ya nyuso zetu. "Nimkate huyu mzee peke yake, Mama, au mnataka karatasi nzima?"

"Wote," Mama akasema. "Wote saba."

Ilikuwa elfu tatu. Aliomba apunguziwe, hakupunguziwa.